Barua ya Mnoa Misumeno

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote na sina haja ya kupunguza sauti. Nimeishia darasa la nne. Nimebeba kabichi kichwani kutoka Kwai nikiwa na miguu mitupu, nimelala juu ya magunia pale Mombo nikingoja gari la mizigo, nimeibiwa, nimefilisika mara mbili. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Lushoto mjini, nina Fuso mbili, na nina nyumba ya vigae ambayo watu wakiipita barabarani wanapunguza mwendo waitazame. Sikurithi hata jembe.

Ukishafika hapo watu wanakuletea shida zao, na shida ya siku hizi ni kazi. Kila Jumapili baada ya ibada, wakati mzee wa kanisa ananadi ndizi na mayai na kuku waliotolewa sadaka, na mimi nimesimama mbele napandisha bei ya jogoo, hakosekani mtu wa kunivuta shati. "Shikamoo baba. Kuna mwanangu amemaliza chuo, amekaa tu nyumbani." Mimi nilikuwa simrudishi mtu. Wafanyabiashara wote wa huku juu, mpaka kule chini Mombo, wananijua, na wakipungukiwa na mtu wa kazi wananiambia mimi kwanza. Basi nafasi niliyokuwa nayo siku hiyo ndiyo niliyokupa. Kijana aliyesomea umeme nilimpeleka bucha. Mama mmoja fundi wa kushona, fundi hasa, nilimpeleka kupakia viazi kwenye magunia. Binti yangu anaandika barua ya udhamini, mimi namtajia maneno, nikishaweka sahihi nagonga muhuri wa duka, imekwisha. Wengine walirudi baada ya wiki moja, nikawa nasema ni wavivu. Mimi nilipoanza nani aliniuliza nimesomea nini? Niliwekewa gunia kichwani, nikaondoka.

Mtu ninayetaka kumweleza hapa hakuwa kijana. Alikuwa rika langu, tulichunga mbuzi pamoja tungali wadogo. Mimi nilipokimbilia biashara yeye aliingia kiwanda cha mbao, akawa mnoa misumeno, na kazi hiyo aliifanya mpaka mvi zikamwota. Wapasuaji mbao walikuwa wakisema anapitisha kidole gumba kwenye meno ya msumeno akiwa amefumba macho, na jino lililopinda analijua. Kisha mwenye kiwanda akauza mashine, wafanyakazi wakaambiwa wasirudi.

Alikuja dukani na koti lake la kanisani, akakaa kwenye mfuko wa saruji. Nikamweleza habari ya maisha, jinsi mimi nilivyoanguka nikainuka, jinsi mtu asivyotakiwa kukata tamaa. Nilizungumza muda mrefu. Alinitazama usoni, anaitikia kwa kichwa, nikicheka anacheka. Niseme ukweli, nilipenda kuzungumza na mtu yule. Watu wengi ukizungumza nao wanatazama simu.

Mara ya kwanza nilimpeleka Mombo, kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi, kazi ya kupokea mizigo na kujibu simu. Siku ya nne bosi wa pale, Msambaa mwenzangu, akanipigia.

"Mgosi, huyu mtu wako vipi? Simu inalia, yeye anaiangalia tu inavyowaka taa!"

"Mfundishe. Katoka kiwandani huyo, hajazoea mambo ya ofisi."

"Nimfundishe kusema haloo? Njoo mchukue mtu wako."

Sikujiuliza mara mbili. Jumatatu yake nilikuwa nimeshapata nafasi nyingine, ya ulinzi, kwenye ghala la pembejeo la tajiri mmoja hapahapa mjini, mtu anayeuza mbegu na mbolea na pampu za kumwagilia. Sare, buti, tochi, mshahara wa kila mwezi. Kabla binti yangu hajamaliza kuandika barua, mke wa yule rafiki yangu akaingia dukani. Alikuwa ametembea kutoka kijijini kwao, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya tope.

"Shemeji, nimekuja nikuambie neno moja tu. Huyu mwenzio hasikii."

"Hamsikii nani?"

"Hamsikii mtu yeyote. Masikio yalikufa kulekule kwenye mashine. Anasoma midomo, na asipoelewa anaitikia kwa kichwa ili asimkosee mtu adabu."

Dukani palikuwa na wateja. Nikatazama huku na huku, nikasema kwa sauti, "Shemeji, hakuna mwanamume anayemsikia mke wake! Muulize wa kwangu, atakwambia amezaa watoto sita na kiziwi."

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, akasema polepole, "Mtafutie kazi ya mikono, shemeji. Hata akae sokoni anoe mapanga, atatulisha."

"Sokoni? Mtu wangu mimi akae chini na jiwe la kunolea, watu wanamrukaruka? Nimempatia kazi ya buti, wewe unataka kumrudisha kwenye vumbi?"

Kwetu huku mtu aliyekutafutia kazi humrudii ukamwambia kazi yake haifai. Unashukuru, unaondoka, na mengine unayabeba mwenyewe. Nikagonga muhuri mbele yake. Na hapohapo kwenye rafu nyuma yangu zilikuwepo tupa za kunolea, ambazo wapasuaji mbao wananunua kila wiki huku wakilalamika kuwa siku hizi hakuna anayejua kuzitumia. Mara ngapi waliniuliza, bwana mkubwa, humjui mnoaji? Nikawajibu simjui.

Alipovaa sare alikuja kunionyesha. Alisimama mlangoni akapiga saluti, akasema kwa ile sauti yake ya kiwandani, kubwa kupita kiasi, "Mgosi! Umenipa heshima!" Nikawaambia wateja, mnaona? Huyo ni wa ishirini na saba niliyempatia kazi.

Mwezi wake wa pili kazini ulikuwa haujaisha, asubuhi moja nikapigiwa simu na yule tajiri nifike ofisi ya mtendaji wa kata haraka. Ghala limevunjwa. Wezi walikuja kwa nyuma, wakakata kufuli kwa msumeno wa chuma, wakaburuta mali mpaka barabarani wakapakia. Majirani wawili walisikia msumeno, wakadhani ni fundi. Na mlinzi? Mlinzi walimkuta kulipopambazuka mlangoni kwa mbele, amekaa wima, yuko macho, tochi mkononi. Aliwaamkia vizuri wote waliofika.

Kwa hiyo neno likawa moja tu, kwamba alikula njama. Mtu aliye macho hatua ishirini kutoka kwenye msumeno atasemaje hakusikia? Mtendaji alikuwa na daftari mezani. Mgambo wawili walisimama mlangoni, wanasubiri kumshusha kituo cha polisi. Mkewe alikaa kwenye benchi ukutani. Mtendaji akaanza na mimi, kwa kuwa barua yangu ilikuwa mbele yake, muhuri unaonekana vizuri.

"Wewe ndiye mdhamini. Huyu mtu ana kasoro yoyote unayoifahamu?"

Nikasema, "Hana. Mzima kama mimi."

Sijui kwa nini nilisema upesi hivyo. Pengine niliogopa kuonekana nimepeleka kiziwi kulinda mali ya watu, mimi ambaye mji mzima unanitegemea. Shemeji aliinua uso akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Mtendaji akamgeukia yule mwenzangu. Mtendaji mwenyewe alikuwa ameinamia daftari, midomo haionekani vizuri.

"Usiku wa kuamkia leo ulikuwa zamu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wezi uliwaona?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unawafahamu? Mlipanga nao?"

Akaitikia kwa kichwa, na akatabasamu kidogo, vilevile alivyokuwa akinitabasamia mimi dukani.

"Haya," mtendaji akasema, anaandika, "amekiri."

Mkewe alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Mgambo mmoja akamshika rafiki yangu mkono. Ndipo alipojua kuna kitu kimeharibika, akaanza kutazama midomo ya kila mtu, huyu, yule, huyu, hajui aishike ipi. Mwisho akanitazama mimi. Mtu wa umri wangu, ananitazama kama aliyepotea sokoni.

Mgambo akamvuta mkono, naye akageuka kumtazama; hapo niliinuka. Nikalichukua lile daftari kubwa la kata mezani, nikapita nyuma ya rafiki yangu, nikalipiga sakafuni kwa nguvu zangu zote. Mgambo waliruka. Tajiri alishika kifua. Rafiki yangu hakugeuka. Alikuwa amerudisha macho mahali nilipokuwa nimekaa, anajiuliza nimekwenda wapi.

Mtendaji akasema, "Kumbe."

Tajiri ndiye aliyeuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. "Ulijua?"

Hapo ningeweza kusema sikujua. Mtu gani angenipinga? Huyu hasikii, na yule mwanamke asingefungua kinywa kunitia aibu mbele ya watu, hata kama mumewe angefungwa.

"Niliambiwa," nikasema. "Shemeji huyu alikuja dukani kwangu kuniambia, kabla sijagonga muhuri. Nikamfanya kichekesho mbele ya wateja."

Mtendaji alikata mstari aliouandika, akakata tena juu yake. Mgambo akaachia mkono. Shemeji alisimama mbele ya mumewe, akamweleza kwa Kishambaa, taratibu, anaumba kila neno kwa midomo, na mimi nikaona uso wa yule mtu ukibadilika kadiri alivyoelewa alichokuwa ameitikia.

Alivua buti palepale, akazipanga pembeni ya meza pamoja na tochi. Nje nilimfuata nikasimama mbele yake ili anione midomo. Nikamwuliza, "Mgosi, kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Akajibu kwa ile sauti yake, watu wa barabarani wakageuka. "Ningekuambiaje? Ulikuwa umefurahi."

Kisha akashuka na mkewe, miguu mitupu wote wawili. Kazi sikumtafutia tena. Nilimpelekea tupa na nikawaelekeza wapasuaji nyumbani kwake, lakini zile tupa alizirudisha, akasema atanunua zake. Dukani kwangu hajakanyaga mpaka leo. Kanisani tunasalimiana.

Siku ile, walipokwisha kushuka, nilirudi ndani ya ofisi. Tajiri alikuwa amekwisha kuandika orodha yake. Akasema, "Mali yangu utalipa wewe uliyesaini," nikasema nitalipa. Akanisomea: pampu mbili za maji, mabomba manne ya kupulizia dawa, makopo kumi na moja ya mbegu ya kabichi, na kufuli. Mimi ni mtu wa kubishana bei hata ya kiberiti, lakini siku hiyo sikubishana. Nilimtumia kwa simu nikiwa nimesimama palepale: shilingi milioni moja, laki nne, elfu themanini na tatu na mia tano.