Mbegu ya Mwani ya Mama Yangu Sasa Ina Wenyewe Jeddah

Admin, nisitiri jina na kijiji pia, maana kwetu mtu hujulikana hata kwa kikohozi chake. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mzanzibari, sijaolewa, niko Saudia mwaka wa tano sasa. Nimesomea viumbe vya baharini, nafanya kazi katika maabara ya serikali Jeddah, na nimepanga chumba Al-Rawdah kwa familia yenye asili ya kwetu. Mshahara unaingia kwa wakati. Raha ndiyo sina.

Mama yangu analima mwani, ndio uliotusomesha. Bahari ilipoanza kupata joto, ule mwani mnene wenye bei nzuri ukawa unageuka mweupe na kukatika kwenye kamba. Nilipomaliza chuo nikasema nitatafuta mbegu inayostahimili joto. Nikaenda kwa serikali yetu kuomba fedha za utafiti. Mheshimiwa mmoja akanisikiliza vizuri, akaniagizia na chai, kisha akasema, "Wazo lako zuri sana, dada. Lete matokeo, tutakufadhili." Nikamwambia hayo matokeo ndiyo ninayoyaombea fedha. Akacheka. "Sasa serikali itoe fedha kwa kitu ambacho hata wewe hujui kama kitafanikiwa?" Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu mpaka miguu ikavimba, nikatunzwa kikombe cha chai.

Nikapata kazi huku. Maabara ikashughulikia vibali vya kuingiza mbegu, na mama akanikatia mbegu kwenye shamba lake mwenyewe. Kwetu mbegu ya mwani haiuzwi. Shamba lako likifa unakwenda kwa jirani anakukatia, na lake likifa unamkatia. Basi siku ya kuipokea, bosi wangu akauliza mbele ya wenzangu, "Hii mbegu ni ya nani?" Nikajibu kwa kujidai kabisa, "Haina mwenyewe, bosi. Kwetu ni ya kila mtu." Akaandika. Mimi nikaona nimewasifia watu wetu.

Miaka ya mwanzo mwani uliniozea tangi baada ya tangi. Nikajua nitafukuzwa, lakini hakuna aliyenigombeza. Fedha za serikali ya huku zilikuja mwaka wa hasara vilevile kama zilivyokuja mwaka uliofuata. Hapo ndipo nilipoelewa wenzetu wanavyopata vitu vipya: wanalipia kutafuta, hawalipii kupata tu. Mwaka jana mwani wa tangi moja ukashika. Ukavumilia joto lote la kiangazi cha huku, mnene, una afya. Nililia palepale kwenye tangi, nikampigia mama simu kabla sijamwambia hata bosi.

Nilipoomba nipeleke kidogo nyumbani, nikaambiwa niende makao makuu, Riyadh. Ofisi iko Olaya, ghorofani, na mkubwa wao ni mzee mpole kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Binti yangu," akasema, "serikali imelipia hata miaka uliyokosea. Mbegu ni ya serikali. Nchi yako ikiitaka, ije tuandikiane mkataba, inunue." Nikamwambia imetoka shambani kwa mama. Akafungua kompyuta yake. "Wewe mwenyewe ulisema haina mwenyewe. Halas, yamekwisha." Hakunitukana, hakunidhulumu kwa sheria yao. Ndicho kinachoniuma zaidi, sina hata wa kumchukia.

Nilitoka pale nikaenda mtaa wa Malaz, humo humo Riyadh, kwa rafiki yangu, nikampigia yule mheshimiwa wa chai. Yupo bado, tena kapandishwa cheo. "Hongera sana, dada! Umetutoa kimasomaso," akasema. "Ila kununua mbegu hatuna fungu. Ingekuwa semina, tungetafuta." Nikakata simu.

Likizo yangu imekaribia. Konzi moja ya mwani kwenye kitambaa kibichi, ndani ya begi, itafika hai, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Lakini nikikamatwa uwanja wa ndege, kazi imekwenda, ikama, kibali changu cha kuishi huku, imekwenda, pengine na jela, na hakuna maabara duniani itakayonifungulia mlango tena. Nikifika mikono mitupu, mwani wa mama hautavuka msimu mwingine wa joto, na umri wake si wa kuanza kazi nyingine.

Sijamwambia. Juzi kanipigia, anacheka kama msichana. "Mwanangu, wenzangu wote nshawaambia. Vigingi tushachimbia, kamba tushafunga. Tunangoja maji ya bamvua yatoke vizuri, na wewe uje."

Ndugu zangu mnaosoma, niambieni kama mnavyomwambia dada yenu. Niibe kitu cha mama yangu, au nimpigie nimwambie wang'oe vigingi?