Jiko la Pipa la Mama

Juzi nilipita Gerezani nikamkuta fundi akikata pipa la mafuta litoke jiko, na harufu ya chuma kilichoungua ikanikumbusha mama.

Alikuwa mjane, akiuza samaki uani kwetu Kariakoo. Siku moja, nikiwa bado mtoto, alizunguka kwa mafundi akigongagonga mapipa, mpaka akapata lenye kifuniko kizito. "Likiwa wazi tunachoma, likifungwa tunakausha kwa moshi," aliniambia akicheka.

Mchana tuliliwasha kwa makumbi ya nazi, mtaa mzima ukanukia. Wakaingia mgambo wawili. Nilidhani wamefuata harufu.

"Shikamooni! Mama yuko ndani. Anauza kila siku," niliwaambia.

"Marahaba. Mwite."

Walimdai kadi ya kazi, naye hakuwa nayo. Sikujua kwamba watu kama yeye walikuwa wakiondolewa mjini wakalime.

"Angalia samaki wasiungue, mwanangu," alisema, wakamchukua.

Nilipepea moto mpaka jua likazama. Alirudi baada ya misimu miwili ya mavuno, amekonda, anakohoa. Alifariki kabla sijamwambia ni nani aliyewaeleza mgambo kazi yake.