Upande wa Pili wa Shuka

Mwaka ambao gari la sinema la serikali lilifika Mlowo, nilikuwa nimekamilisha yote yaliyotakiwa ukweni. Lilikuwa limebaki neno moja la mama mkwe: "Mchukue." Alikuwa halitoi.

Na sikuweza kwenda kumbembeleza. Kwetu Unyiha siku zile mtu na mama mkwe wake hawakutazamana. Nikisikia anakuja njiani, nilijitosa kwenye mibuni mpaka apite. Mashamba ya watu niliyajua vizuri kuliko nilivyomjua yeye.

Jioni ya sinema wakatundika shuka jeupe kwenye nguzo mbili uwanjani. Nikakaa mbele. Mkwe alipofika akaambiwa nipo, basi akazunguka nyuma ya shuka na mwanawe, mchumba wangu. Picha ilionekana pande zote, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo.

Ilikuwa picha ya mauaji. Tajiri mmoja kauawa kwa kupigwa kichwani, na wageni wake watano wanashukiwa. Karani wa gari alitutafsiria kwa kipaza sauti. Waliigiza vizuri mno, hasa mmoja aliyecheka kwa mdomo tu, macho yametulia. Mzee aliyekaa kando yangu alipomwona alivuta mfuko wake wa tumbaku karibu. Mimi nilishika magoti tangu mwanzo. Halafu mwisho wakauharibu. Inspekta akasema aliyepiga ni mtu wa mkono wa kushoto, akawakaribisha wote watano chai, yule wa kucheka kwa mdomo akainua kikombe kwa kushoto, akafungwa pingu. Basi. Akili yote ile, halafu chai! Nilinuna njia nzima.

Asubuhi mchumba wangu akaja na ujumbe.

"Mama anasema picha nzuri, ila mwisho ni dhuluma. Wanne wameinua vikombe kwa kushoto wameachwa. Aliyeinua kwa kulia ndiye kafungwa."

"Mwambie mama, mwisho ni mbovu, nakubali. Lakini aliyefungwa ndiye."

Akaenda, akarudi.

"Mama anauliza, mtu anayeona asiye na kosa anafungwa na bado anasema sawa, ataamuaje ugomvi nyumbani kwake?"

Niliogopa. Nilimpenda binti yule, nikaona ananiponyoka kwa sababu ya kikombe cha chai. Leo sababu naijua: ukikaa nyuma ya shuka, kulia huwa kushoto. Siku ile hatukuijua, si mimi wala yeye, na mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne.

Bahati gari lilikwama kwenye tope, ikabidi waonyeshe picha ileile tena. Nikamtuma mchumba wangu amwambie mama yake akae mbele, mimi nitakaa nyuma, kila mtu aone alichoona mwenzake.

Nikaona. Watu wanne wa mkono wa kushoto wanakunywa chai kwa raha zao, na yule maskini wa mkono wa kulia anaondolewa na pingu. Nilimwonea uchungu kweli, mpaka nikasahau adabu. Nikainuka, nikazunguka nguzo mbiombio niende kumwambia mkwe kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Naye alikuwa anazunguka nguzo hiyohiyo mbiombio, anakuja kuniambia kwamba kweli nilisema mimi.

Tukakutana uso kwa uso, mwanga wote wa sinema umetumulika. Kivuli chake na changu vikasimama juu ya shuka, na uwanja mzima ukaguna.

"Kumbe ndiwe wewe, baba," akasema.

Sikuwa na pa kukimbilia. Hapakuwa na mbuni hata mmoja.

Kwa desturi, mkishaonana bahati mbaya namna ile, lazima mle pamoja ili aibu iishe. Nikapeleka kuku nyumbani kwake. Tukala, kila mmoja anatazama sahani yake. Baada ya chakula mkwe akamimina togwa kwenye kikombe, akaninyooshea. Hapo ndipo aliponitazama. Si usoni, mikononi. Shangazi zake binti, waliojipanga ukutani, wakaacha kutafuna.

Nikakipokea kwa mikono miwili.

Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia aende kufunga mzigo wake.