Bango Lililoziba Madirisha

Wenzake kiwandani walimwita Shangazi, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alishona kola za mashati tangu usichana wake, miaka mingi katika ghala la bati lenye joto la tanuri, akirudi nyumbani kichwa kikimgonga. Kisha kampuni ikahamia jengo jipya. Madirisha yalikuwa mapana, ya kufunguka, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Kichwa kikapona. Kola zikanyooka. Hata ugomvi na mumewe ulipungua, ingawa mumewe alidai ni yeye aliyejirekebisha.

Jengo likapewa tuzo kwa mwanga na hewa yake. Bosi, kwa furaha, akaagiza bango kubwa la turubai la kuitangaza tuzo hiyo, lenye picha yake akicheka. Akalitundika wapi? Nje ya madirisha ya washonaji! Mtu kasifiwa kwa kisima, naye anakifukia ili apate pa kuandika kwamba hapa pana maji.

Taa zikawashwa mchana kweupe. Hewa ikaganda. Watu wakapiga miayo kabla ya chai ya asubuhi, na kola za Shangazi zikaenda upogo. Msimamizi akamtupia moja mezani.

"Umri huo, Shangazi. Ukiharibu nyingine, unakwenda nyumbani."

"Umri wangu ulikuwa huuhuu kabla ya bango. Liondoeni."

"Bango ni la bosi."

"Na macho ni ya nani?"

Msimamizi akaenda zake. Shangazi akainuka. Akasukuma dirisha, akachukua mkasi, akakata turubai mraba mzima mbele ya cherehani yake. Mwanga ukamwagika mezani. Na kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kuacha ukingo bila pindo, akaukunja, akaushona kwa mkono, kisha akaketi kushona kola.

Bosi akapanda ngazi akihema. "Mama! Unajua umetoboa wapi? Umenitoa mdomo! Barabara nzima inacheka!"

"Huku ndani mdomo hauonekani, bosi. Tunaona giza tu." Akamwekea kola mkononi. "Nimeishona sasa hivi. Nifukuze kwa hiyo."

Bosi akaigeuza, akaikunja, akaivuta, akitafuta kosa. Jasho likamtiririka. Hakuona kosa lolote, akasogea kwenye tundu apate hewa.

"Usinizibie mwanga, bosi," Shangazi akasema, akakanyaga pedali.