Uyoga Tulioumwaga Mkiwa

Mwanangu, nakumbuka swali moja lililoninyima usingizi mwaka ule ulipokuwa shule ya bweni: uyoga uliokuwa kwenye sufuria ya mama yako unaliwa, au unaua? Najua hatujapishana miaka mingi, lakini mimi ni mama yako mdogo, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Mkiwa na shahada ya baiolojia, sina kazi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, ghala linakaribia kuwa tupu, mboga ya mlenda haijaota. Mama yako akarudi kutoka msituni na uyoga ambao hatukuwahi kuuona: vikombe vidogo, vyekundu kwa ndani, alivyovitoa kwenye matawi makavu yaliyoanguka.

Nyumbani kwetu uyoga haupikwi mpaka aliyeuchuma amtaje mtu aliyewahi kuula naye. Bibi yako akauliza, "Huu uliula na nani?"

"Sijaula, mama. Lakini si tuna msomi ndani? Atuambie yeye."

"Haya, msomi," bibi akasema. "Kila siku unaandika barua za kuomba kazi. Leo tuandikie na sisi, tule au tusile."

Nikageuza kikombe kimoja mkononi mpaka kikachanika. Kwenye simu nilipata picha mbili zilizofanana nacho. Chini ya moja waliandika unaliwa, chini ya nyingine hawakuthubutu kusema. Nikikataa, wadogo zako watakula ugali mtupu kwa sababu ya woga wangu. Nikikubali, je? Nilitamani sana, mwanangu, elimu yangu ilishe nyumba ile hata mara moja. Nikaomba wasubiri hadi asubuhi.

Kulipokucha nilibeba sufuria yenye uyoga, nikaumwaga chooni. "Dada, sijui," nikamwambia mama yako. Akasonga ugali, wadogo zako wakala na chumvi. Mpaka leo sijui kama nilimwaga sumu au mboga, na nyumbani hakuna anayeniuliza kitu tena.

Sasa unakwenda chuo. Watu watakuletea maswali yao kwa sababu ya cheti, nawe utatamani kujibu ili wasione umerudi mikono mitupu. Usijibu usichokijua. Sema hujui, kisha uyavumilie macho yao, hakuna atakayekushukuru.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe kazi mapema kuliko mimi, na asikuache peke yako mbele ya sufuria inayongoja neno lako.