Maamkizi ya Robo Saa

Jambo zima lilinigharimu shilingi thelathini na nne elfu na mia nane. Nilizihesabu mara mbili, na mara ya pili hazikupungua. Elfu thelathini na mbili zilikuwa saa arubaini za intaneti, kila saa mia nane. Bei iliyobandikwa ukutani ilikuwa elfu moja, mia mbili niliziangusha mwenyewe kabla sijakaa kitini. Zilizobaki ni nauli za Uroa, kwenda na kurudi mara mbili, na karatasi nne za kuchapisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na duka la vikapu, vinyago na visanduku vya mbao kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, chini ya nyumba ambayo babu yangu aliwahi kuimiliki na mimi nikaishia kuwa mpangaji wake. Mwaka ule mwenye nyumba aliiuza igeuzwe hoteli. Tukapewa mpaka mwisho wa Mei tuwe tumehama. Nilizunguka mji mzima kutafuta mlango mwengine. Milango iliyokuwepo ilitaka kodi ya mwaka kwa mkupuo, na mimi mkupuo sina.

Meneja wa hoteli moja ya ufukweni Uroa, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa na chumba kitupu karibu na mapokezi. Alitaka mtu wa kukifanya duka, na alinitaka mimi. Lakini wakubwa wake walishaamua kwamba kila anayekaa mbele ya wageni awe na cheti cha Kiingereza.

"Bwana, mie nnauza kwa Kiingereza tangu wageni hawajaanza kuvaa kaptula," nikamwambia.

"Wewe unauza kwa vidole na kikokotoo. Niletee cheti kabla Mei haijesha, chumba chako."

Kiingereza changu kilianzia kwenye bei na kuishia kwenye bei. Mgeni akiniuliza habari ya mvua, namtajia bei ya kikapu.

Mtoto wa binamu yangu, mwanamke mtu mzima mwenye watoto watatu, alikuwa na duka la intaneti lenye kompyuta tano na feni moja. Ndiye aliyenitafutia mafunzo ya watu wazima kwenye mtandao. Mafunzo yalikuwa bure, kilicholipiwa ni kukaa. Mwishoni kulikuwa na mtihani wa kuandikiana na mwalimu wa kweli huko ughaibuni, robo saa, na ukipita unapata cheti chako hapo hapo.

Basi kila baada ya alasiri nafunga duka, nakwenda kucheza. Hakuna neno jengine la kuyaitia mafunzo yale. Unalikamata neno kwa mausi, unaliburuta mpaka kwenye picha yake. Likikaa pake linalia *ting*. Likikosea linarudi mbio lilikotoka, kama mdeni aliyekuona sokoni. Niliburuta goti, kiuno, bega, kisigino. Niliburuta mpaka koleo la kuzolea theluji, nikajiuliza nitamuuzia nani Uroa.

Zoezi la dukani lilinila saa tatu nzima. Mwanamke wa kuchora anauza koti, anasema ni pauni arubaini. Maelezo juu yake yanasema: koti umelipenda, na pesa unazo. Chagua jibu. Nikachagua "ni ghali mno". Msalaba mwekundu. Nikarudia. Msalaba mwekundu.

"Ami, kubali tu," mtoto wa binamu akaniambia.

"Nikubali bei ya kwanza? Huyu mwanamke atanionaje?"

"Hakuoni! Kachorwa!"

"Na koti je?"

"Koti pia limechorwa."

"Ndo unataka nilinunue kwa bei kamili?"

Wateja wawili wakaacha kazi zao wakacheka. Siku ya tatu nilikubali. Kompyuta ikalia *ting*, na mimi nikatoka nje kupunga hewa.

Siku ya mtihani ilifika wiki ya mwisho ya Mei, asubuhi. Mtoto wa binamu alinielekezea feni usoni, akasimama nyuma ya kiti. "Maswali kumi, ami. Ukijibu saba umepita. Usipoteze wakati."

Kwenye pembe ya kioo saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mwalimu akaandika asubuhi njema. Nikamjibu kwa kidole kimoja, nikamuuliza kaamkaje. Akasema salama, tuanze swali la kwanza. Mtu hata hatujasalimiana! Nikamuuliza, nyumbani hawajambo? Wazee je? Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Dakika mbili zikaenda na mzunguko ule.

Jibu likaja: mama yake yuko hospitali tangu Jumapili. Chini yake: swali la kwanza, eleza kazi unayofanya.

"Jibu swali!" akanihimiza mtoto wa binamu.

"Mtu kaniambia mamake mgonjwa, nimwambie nauza vikapu?"

"Hakuoni, ami."

"Mie nnajiona."

Nikaandika pole. Nikauliza anaumwa nini. Kaanguka ngazini, akajibu, kiuno. Mama yangu pia alianguka, chooni, nyumbani kwa dada yangu Mbweni. Nikamwandikia hivyo. Nikamweleza tulivyokuwa tunamgeuza usiku, mmoja kashika bega, mmoja kashika goti, ili mgongo usifanye vidonda. Sijui maneno yale yalikuwa wapi siku zote. Yalikuja yenyewe, moja baada ya jengine, hayakuwa ya bei. Yeye akauliza, mama yako alitembea tena? Nikamwambia alitembea, kwa mkongojo, miaka sita. Akaniuliza tulimlisha nini. Hakutaja swali tena, na mimi sikumkumbusha.

Saa nilikuwa naiona. Dakika nne. Tatu. Nilijua thamani ya kila dakika kuliko mtu yeyote mle ndani. Vidole vyangu vilikataa kumkatiza.

Ilipobaki dakika moja naye akashtuka. Samahani, akaandika, swali la kwanza! Nikaanza: *nauza vi*. Dirisha likajifunga.

Likaja jengine. Maswali yaliyojibiwa: sifuri kati ya kumi. Unaweza kujaribu tena baada ya miezi mitatu. Sifuri haina haja ya kuhesabiwa mara mbili, lakini niliihesabu.

"Nilikwambia, ami," akasema mtoto wa binamu, polepole. Kisha akanichapishia mazungumzo yote, karatasi nne, mia mia. Zile hazikuangushika.

Nikazipeleka Uroa. Meneja alizisoma zote kwa kituo, mpaka chai yake ikapoa.

"Kiingereza hiki ni chako?"

"Changu."

"Mamake kapata nafuu?"

"Sijui."

Akazipanga zile karatasi, akanirudishia. "Wakubwa hawasomi, bwana. Wanatazama muhuri. Kuna kijana wa mjini ana cheti, kila siku anapiga simu. Naweza kumzuia mpaka Ijumaa. Zaidi ya hapo siwezi."

Ilikuwa Jumanne. Nikarudi moja kwa moja kwenye kompyuta. Chini ya ukurasa wa mafunzo palikuwa na anwani ya kumwandikia mwalimu, na saa yangu ya arubaini niliitumia yote hapo, kwa Kiingereza, kwa kidole kile kile. Nilianza kwa kumuuliza hali ya mama, kama inavyopasa. Nikamwombea shifaa. Halafu nikaandika hivi:

Mwalimu, Ijumaa chumba anapewa mtu mwengine, na hapa nilipo nahamishwa. Mtihani umenifungia miezi mitatu. Wewe ulikuwepo, uliniona nikisema. Nipe shauri, nifanye nini?