Papa Mchanga Mwenye Mimba

Nilirudi Bagamoyo, enzi hizo Sultani wa Unguja bado ana liwali wake mjini, nikiwa na shahada yenye muhuri kutoka Bombei. Huko nilifundishwa kupasua samaki na kuwatofautisha kwa meno na mapezi. Hakuna aliyenilipia. Nilifagia chumba cha kupasulia mpaka wenyewe wakachoka kuniona na ufagio, wakanipa kisu. Kuanzia hapa mpaka Saadani hapakuwa na mwingine wa namna yangu, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Lakini shughuli yangu ya kwanza ilikuwa mjomba.

Kwetu Mbegani, kijiji cha jirani na mji, wavuvi waligawana papa sawa kwa sawa, ila wachanga walikuwa haki ya mjuzi wa papa, naye mjuzi alikuwa mjomba wangu. Kila papa mdogo wa kijivu alimwita mtoto wa papa mkubwa mwenye mapezi ya ncha nyeusi, akamtia kapuni mwake. Nilipokuwa kijana nilisema hao ni aina mbili. Alinivua kofia mbele ya wote, akanifukuza chomboni, akasema nikanyonye kwanza.

Siku ya tatu baada ya kurudi nilimkuta ufukoni, alasiri, akichagua wachanga wake. Nikamwamkia kwa adabu zote. Kisha nikawaonyesha wavuvi: kwa mkubwa, pezi dogo la mgongoni liko juu ya pezi la tumboni lililo karibu na mkia; kwa huyu mdogo, limeanzia nyuma zaidi. Na mikunjo hii mirefu pembeni mwa mdomo, mkubwa hana. Mjomba akasema mtoto akikua hubadilika. Wengi wakamwafiki.

Nikachagua jike nene katika kapu lake, nikampasua. Vikatoka vitoto vitano, kila kimoja na kamba yake ya kitovu.

"Mjomba," nikasema, "mtoto wako huyu ameolewa lini?"

Ufuko mzima ulicheka. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Ungeniambia faragha, mwanangu."

"Kwani mimi ulinifukuza faragha?"

Wavuvi wakalimwaga kapu mchangani, wakagawana. Hawakumwita tena kuamua chochote. Fungu langu nililipika kwa tui zito, nikampelekea bakuli nyumbani kwake. Likarudi limejaa. Nikala peke yangu mpaka nikaramba vidole, na sijapata kula papa mtamu kama yule.